Mama Maximilla na Mtoto wa Nyumba Namba Kumi na Saba

Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa karani wa kigango chetu kidogo cha Jinja, kilichokuwa nyuma ya nyumba za askari magereza. Sikutakiwa kuhubiri wala kuimba. Kazi yangu ilikuwa kuandika: nani amebatizwa, nani amefunga ndoa, nani amezikwa. Katika madaftari yangu jina la Maximilla linaonekana mara mbili tu. Mara ya kwanza ni mwaka 1989, tulipomzika mumewe Wanyama, askari magereza. Mara ya pili ni Juni 1994, na hapo nimelikata kwa mstari mmoja wa wino.

Alikuwa Mgisu, kutoka vilima vilivyo juu ya Mbale. Aliolewa akiwa na miaka kumi na tisa, akamfuata mumewe gereza hadi gereza. Walizaa watoto wawili na wote wawili hawakufikisha mwaka. Wanyama alipofariki, Maximilla alirudisha ufunguo wa nyumba ya serikali, akapanga chumba umbali wa hatua mia mbili kutoka pale. Kwao hakurudi. Alisema huko wamebaki watu wanaomjua kwa jina la baba yake tu, hawaijui sura yake.

Lugha yake ilikuwa Kiswahili. Kisoga alikielewa, lakini akijaribu kukisema alikwama katikati. Na kwa watu wetu wengi Kiswahili ni lugha iliyokuja na bunduki. Mtu akiisikia nyuma yake barabarani hukumbuka vizuizi vya askari vya zamani na mkono uliomshika begani. Basi wanawake wa kigango walimpa jina la Mama Afande.

“Mama Afande, leo hujatukagua gwaride,” mke wa Geresom angemwambia baada ya misa.

“Nimekukagua toka mlangoni,” Maximilla angejibu. “Kitambaa chako kimekaa upande. Jela siku saba, na kazi ngumu.”

Walicheka wote. Kisha wenzake waliondoka wawili wawili, wakishikana mikono, na yeye akabaki anafagia. Nilikuwa nakaa ndani nikijaza daftari, nikisikia ufagio wake ukizunguka nyumba ya Mungu polepole, mpaka unapoishia kwenye ngazi. Hatukuzungumza sana. Mimi pia si mtu wa maneno.

Lazima nieleze desturi yetu ya mikeka. Mabenchi yalikuwa machache, ya watu wazima. Watoto walikaa mbele, chini, kila mmoja kwenye mkeka wa nyumba yao, ulioletwa na mama yake akiwa ameubeba kwapani. Kabla ya misa, katekista Isabirye alizitaja nyumba: “Nyumba ya Geresom!” Watoto wa Geresom wakaitikia kwa Kisoga kwamba wapo. “Nyumba ya Norman!” Wapo. Mimi nikaandika idadi. Ulikuwa utaratibu mzuri na tuliupenda. Hakuna mtu aliyewahi kukaa chini akaamua kwamba mtoto asiye na mkeka asiingie. Hatukuwaza tu.

Watoto wa kambi ya jeshi iliyokuwa jirani hawakuwa na mikeka. Walikuja wenyewe, bila mama, wakashika nondo za dirisha kutoka nje na kuchungulia. Walipoanza kusukumana, Isabirye alitoka na fimbo.

“Kerere! Acheni kerere!” alipiga ukelele, maana kwetu Busoga herufi ya l na ya r ni kama mapacha, mama mwenyewe huwachanganya. Watoto wale, waliokulia kwenye Kiswahili cha kambini, walikimbia huku wakimwigiza: “Kerere! Kerere!”

Ndipo Maximilla alipoanza kutoka nje wakati wa mahubiri. Alikaa nao barazani, akawasimulia Injili ya siku ile kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo. Wakati mwingine walikuwa kumi na wanne, wakati mwingine watatu. Mmoja hakukosa hata Jumapili moja. Aliitwa Santa, msichana wa miaka kumi, mwembamba, mwenye gauni la shule lililoshonwa upya mabegani.

Baba yake Santa, Mwacholi, alipelekwa kaskazini na kikosi chake mwaka 1992, na tangu hapo barua zilikatika. Mama yake alikufa mwaka huohuo. Mtoto akabaki kambini kwa jirani, Hajara, mke wa askari aliyeitwa Latif. Hajara alikuwa wa wale Waislamu ambao babu zao waliletwa kutoka Sudan wakiwa askari. Mwezi wa Mei 1994 Latif aliona jina lake kwenye orodha ya wanaopunguzwa jeshini. Walipewa mpaka mwisho wa Juni kuhama, na wangekwenda Bombo kwa ndugu zao, watu tisa katika vyumba viwili.

Hajara alimfuata Maximilla pale barazani.

“Dada, huyu mtoto ninampenda, lakini Bombo sina pa kumlaza,” alisema. “Na tena mama yake aliniachia kadi yake ya ubatizo. Miaka miwili nimeifunga kwenye kanga. Mimi Mwislamu, sikumgeuza. Kila Jumapili namwambia, nenda kwenu. Sasa naona kwenu kwenyewe ni dirishani.”

Maximilla alinieleza maneno hayo siku ileile, nami niliyaandika kwa sababu yaliniuma. Tangu hapo alitaka jambo moja tu: Santa ahamie kwake, na jina la nyumba yao likitajwa kanisani, mtoto aitikie.

Alisuka mkeka. Ukindu aliupata kwa mtu aliyetoka Budondo, akaupaka rangi ya zambarau pembeni. Jumapili ya kwanza ya Juni aliutandaza mbele, kati ya mkeka wa Geresom na wa Norman, akamkalisha Santa, kisha akarudi mahali pake karibu na mlango.

Isabirye alitaja nyumba zote. Alipofika mwisho aliona mkeka mpya na mtoto mmoja juu yake. Akamwuliza kwa Kiswahili, kwa kuwa alijua ni wa kambini:

“Wewe, nyumba gani?”

Santa aliruka akasimama wima, visigino pamoja, mikono imenyooka mapajani.

“Nyumba namba kumi na saba, afande!”

Kanisa zima lilicheka. Hata padri, aliyekuwa anavaa kwenye chumba cha pembeni, tulimsikia. Hakuna aliyecheka kwa ubaya. Lilikuwa jambo la kuchekesha. Lakini mtoto alitazama kulia na kushoto, asijue amekosa nini. Kambini ukiulizwa nyumba unataja namba. Akauokota ule mkeka, akaukunja vizuri sana, akatoka nao nje akipita katikati yetu.

Baada ya misa Maximilla alikuja mezani kwangu. Hakuwa na utani.

“Karani, andika: Nyumba ya Maximilla, mtoto mmoja.”

Niliandika. Isabirye alisimama nyuma yangu, akasoma.

“Mtoto wa watu huyo, nyabo, mama yangu,” alisema. “Ndugu zake wakija kesho na panga, watamwuliza nani? Watamwuliza katekista. Tafuta ndugu wakubali kwanza.”

Hakuwa na kosa katika hilo. Halmashauri ilikaa, ikaamua hivyo hivyo: ruhusa ya ndugu kwanza, kisha daftari. Hajara alimjua ndugu mmoja tu, mama mdogo wa mtoto, jina lake Gorreti, anayeuza nguo za mitumba Mbale na kupanga chumba mtaa wa Namakwekwe pamoja na mumewe Mafabi. Nikaambiwa niandike barua ya kigango na kuigonga muhuri.

“Andika Kiswahili,” Maximilla aliniomba. “Wale wanafanya biashara na Wakenya. Watasoma wenyewe, hawatahitaji mtu wa kuwatafsiria.”

Sasa nafika kwenye kosa langu. Zamani, nilipokuwa kijana kwenye ghala la reli, mkubwa wangu Mkenya alinicheka mbele ya watu kwa kusema “habali ya asubuhi”. Nilijifunza kwa uchungu. Nikajizoeza kwamba neno likinitia shaka, niliandike kwa r. Barua ile niliiandika mara tatu ili isiwe na hata doa. Ilisema: “Tunawaarifu kwamba mahari ya mtoto Santa imepatikana hapa Jinja, kwa Mama Maximilla. Kanisa limekubali. Tunaomba na ninyi mkubali haraka, mtoto asiendelee kukaa nje.” Nilikusudia mahali. Nikapiga muhuri, nikakausha wino, nikaona nimefanya kazi safi.

Walisafiri Jumamosi, Maximilla na Santa. Yaliyotokea huko alinisimulia baadaye, neno kwa neno, huku akitazama mikono yake.

Gorreti aliwapokea kwa machozi, maana mtoto alikuwa sura ya dada yake kabisa. Wakapewa chai na ndizi. Mafabi akaisoma barua kimoyomoyo. Akairudia. Akaiweka gotini.

“Mama, mtoto huyu ana miaka mingapi?”

“Kumi. Anaingia kumi na mmoja.”

“Na mahari ipo tayari?”

Maximilla alikaa na Wasoga miaka mingi mno. Sikio lake lilikwisha zoea. Mtu akisema mahari, yeye husikia mahali.

“Ipo tayari kabisa, baba,” alijibu kwa furaha. “Nimeitengeneza mwenyewe. Ndogo, lakini safi.”

“Na padri anajua?”

“Anajua! Amefurahi sana.”

Mafabi alisimama. Alimshika Santa mkono, akamwingiza chumba cha ndani, akafunga mlango. Akarudi na sauti nyingine.

“Toka. Toka kwangu kabla sijaita polisi. Na msalaba umevaa shingoni!”

“Baba, nimekosa nini?”

“Unaniuliza? Majirani! Njooni mwone! Hawa wa Jinja wanaozesha watoto wa miaka kumi, na kanisa linagonga muhuri!”

Namakwekwe ni mahali pa vyumba vilivyobanana. Mtu akipiga kelele, ua mzima unajaa. Wanawake walitoka na miko mikononi. Vijana wa bodaboda waliacha baiskeli zao. Mmoja alisema, “Mama wa kanisa, mimi nina mbuzi wawili, nipatie wa kwangu!” Mwingine akasema huyo si wa kanisa, huyo ni mwizi wa watoto, tazama anavyoongea Kiswahili. Maximilla alijieleza kwa Kigisu, lugha yake ya kuzaliwa, wakazidi kukasirika kwamba Mgisu mwenzao anafanya hayo. Nyuma ya mlango Santa alikuwa analia na kugonga. Gorreti alimtupia Maximilla barua yake na mfuko wake, akamfungia lango.

Alifika Jinja Jumapili, misa imekwisha. Nilikuwa peke yangu. Alikaa kwenye benchi la mbele, ambalo hakuwahi kulikalia, akaniwekea barua mezani.

“Karani, nisomee kwa sauti. Nataka nisikie ni wapi nilipowatukana.”

Nilianza kusoma. Nilipofika mstari wa pili, niliacha kusoma. Nililiona neno lile kama mtu anavyomwona nyoka aliyekuwa amelala kitandani mwake usiku kucha. Nilimweleza. Ilinibidi nimweleze mara mbili, kwa sababu nililitamka vilevile mara zote mbili, mpaka nikachukua kalamu nikamchorea herufi. Alizifuata herufi mbili zile kwa kidole.

“Kwa hiyo wanasema niliuza,” alisema. Akachukua ufagio.

Sikumwomba msamaha siku ile. Nilifungua daftari, nikakata ule mstari wa Nyumba ya Maximilla, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kanuni. Niandike pia kwamba sikwenda Mbale wiki iliyofuata, wala iliyofuata baada ya hapo. Nilituma barua ya pili, nikaisoma mara saba kabla ya kuituma, haikujibiwa. Niliona aibu kuonekana na watu niliowaandikia upuuzi kwa mwandiko mzuri. Muda wote huo Maximilla alifagia kama kawaida, lakini wakati wa mahubiri hakutoka tena kwenda barazani. Watoto wa kambi walikuja mara mbili, mara tatu, wakamtafuta kwa macho, kisha wakaacha kuja. Kanisa likawa kimya. Isabirye alisema sasa mtu anaweza kusali.

Mwisho wa Julai nilikwenda. Mafabi alinipokea akiwa amekunja mikono. Nilimwambia mimi ndiye mwandishi, nikamwonyesha kosa, nikamwambia jinsi kwetu tunavyosema. Akaomba niseme tena neno lenyewe.

“Mahari,” nilisema, kwa bidii yote, nikimaanisha lile lingine.

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Akamwita mkewe. “Gorreti, njoo usikie! Walikuwa wanamtafutia mtoto pa kukaa! Na mimi nilitaka kumpeleka mjane wa watu polisi!” Alipomaliza kucheka akajifuta macho, akasema taratibu, “Nilimfukuza na chai yake haijaisha.”

Gorreti hakucheka.

“Bwana karani, nimekuelewa,” alisema. “Lakini mtoto hatoki. Dada yangu amekufa miaka miwili, sikwenda kumtafuta mwanawe. Nilisema baba yake yupo, jeshi lipo, kuna watu. Barua yako ndiyo iliyonitia hofu nikaamka. Sasa yuko kwangu, anasoma, na Jumapili anakwenda kanisani hapa mjini. Mwambie yule mama nimemkosea, aje tumwombe radhi. Mtoto atapokea komunyo ya kwanza Desemba. Aje. Lakini hatoki.”

Sikubishana naye. Alikuwa damu yake. Santa alikuja akapiga magoti kunisalimu, akauliza jambo moja tu: kama Mama Maximilla bado amekasirika. Nilimwambia hakukasirika hata siku moja. Nilifurahi kwamba angalau hilo ningeweza kulisema bila kukosea.

Niliporudi nilimpa Maximilla habari zote akiwa anaanua nguo. Aliendelea kuanua. Akauliza Santa anakula nini, na kama gauni limebadilishwa. Kisha akasema, “Ni vizuri. Mtoto na ndugu zake,” akaingia ndani.

Septemba niliomba ruhusa ya kusema kwenye halmashauri, jambo ambalo sikuwahi kufanya. Nilisema kila Jumapili kwa miaka kumi na mmoja nimehesabu watoto waliokaa, na sikuwahi kuhesabu waliosimama dirishani. Nilipendekeza mikeka yote iwe ya kigango, ikae kanisani, mtoto yeyote akae popote, na majina ya nyumba yasitajwe. Walibishana sana. Mke wa Geresom alisema hawezi kutandika mkeka wake mzuri chini ya miguu ya kila mtu. Mwishowe walikubali mikeka miwili ya pamoja, iwekwe nyuma, na Injili isomwe pia kwa Kiswahili, mara moja kwa mwezi. Haikuwa nilichoomba, lakini niliandika kama ilivyoamuliwa. Jumapili ya kwanza mikeka ile miwili ilikaa wazi mpaka mwisho wa misa. Watoto walikuwa wamekwisha pata michezo mingine.

Desemba tulikwenda Mbale, Maximilla na mimi. Alikuwa amevaa gomesi, lile gauni letu la sherehe, ya kitambaa cha kijani ambayo sikuwahi kumwona nayo kabla. Kanisa lilijaa. Gorreti alimkumbatia mlangoni, Mafabi alimwomba radhi mbele ya watu, kwa maneno mazuri. Kisha wakapelekwa mbele pamoja na wazazi wengine, na sisi, wageni, tukaonyeshwa nafasi nyuma karibu na nguzo. Santa alipita na wenzake, nguo nyeupe, mshumaa mkononi. Padri alipowauliza watoto maswali, yeye alijibu kwa Kigisu, bila kusimama kama askari. Maximilla alikuwa anatikisa midomo pamoja naye, jibu kwa jibu, kwa Kiswahili, yale aliyomfundisha barazani.

Baada ya misa mpiga picha aliweka kiti mbele ya ukuta. Familia ya Mafabi ikajipanga, Santa katikati. Maximilla alikuwa amesogea kumnyoosha mtoto ukosi.

“Mama, toka kidogo,” mpiga picha alisema kwa adabu. “Unaingia kwenye picha.”

“Samahani, mwanangu,” alijibu, akarudi nyuma hatua nne, tano, mpaka akasimama kando yangu, kushoto kwa mpiga picha. Gorreti alikuwa anampangusa mtoto wake mdogo pua, hakusikia. Mimi nilisikia. Ningeweza kusema, “Bwana, huyu mama ni wa mtoto.” Maneno nilikuwa nayo, na hakuna herufi yoyote ndani yake ambayo ingenishinda. Mpiga picha alihesabu hadi tatu.

Nakala moja ilitumwa Jinja mwezi wa Februari. Maximilla aliibandika ukutani juu ya kitanda. Watu wote kwenye picha wanatazama mbele isipokuwa Santa; yeye ameigeuza shingo, anatazama upande wa kushoto, nje kabisa. Wageni ni wachache kwenye chumba kile, lakini anayefika huuliza mbona mtoto hakutazama mbele. Maximilla huwajibu kwamba mpiga picha hakuwa fundi.